Kata, shehia na kitongoji: ngazi zisizolingana kwenye ripoti

Ripoti ya maeneo ya Tanzania inagoma kuingia kwenye jedwali la safuwima tano. Bara vijijini tunashuka mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Mjini tunaishia mtaa, chini ya kata. Kwenye mamlaka za miji midogo kitongoji kiko chini ya kata moja kwa moja, hakuna kijiji katikati. Zanzibar ni mkoa, wilaya, shehia, basi. Hapo hatujagusa tarafa, wala wilaya kama Arumeru yenye halmashauri mbili.

Haya ni matatizo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu kazi. Shehia ni tawi linaloishia mapema. Kitongoji cha mji mdogo ni tawi lililoruka ngazi ya katikati. La kwanza linavumilika, kwa sababu msomaji akifika mwisho anaona hakuna cha kubofya tena. La pili linaacha shimo katikati ya njia, na programu nyingi hulionyesha kama mstari usio na jina.

Asiyejali tofauti hizi hupoteza watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 Zanzibar. Ukiunganisha jedwali la watu na jedwali la kata kwa muunganisho unaobakiza tu mistari yenye mwenzake pande zote mbili, shehia zote zinaanguka na jumla ya taifa inashuka hadi 59,851,347. Hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini, na tarakimu inayobaki inaonekana ya kawaida kabisa.

Dawa inayotumiwa zaidi ni kujazia: kila eneo lipewe safuwima zote tano, na pengo lijazwe kwa jina la mzazi. Sensa yenyewe huweka shehia safu moja na kata, na huo ni uamuzi wa busara. Faida zake ni kubwa. Hoja za SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, zinabaki fupi, jumla za kila ngazi zinaweza kuandaliwa mapema, na mchambuzi mgeni analielewa jedwali mara moja.

Gharama yake huonekana baadaye. Ukiuliza kuna vijiji vingapi, majina ya kujazia yanahesabiwa kama vijiji, na wastani wa watu kwa kijiji unapotoka. Kisha inakuja kazi ya kuficha marudio. Analysis Services ya kizamani ya Microsoft, ile ya mchemraba (hifadhi ya data yenye jumla zilizoandaliwa kwa ngazi), ina sifa iitwayo HideMemberIf. Ukichagua ParentName, itaficha kila mwanachama mwenye jina sawa na la mzazi wake. Sasa angalia Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam: ndani yake kuna kata halisi iitwayo Kinondoni. Kata hiyo inafichwa, na mitaa yake inapanda na kujipanga sambamba na kata nyingine. Jumla ya wilaya inabaki sahihi, kwa hiyo mkaguzi wa jumla hatagundua. OnlyChildWithParentName ni salama zaidi kwa sababu huficha tu mtoto wa pekee. Hata hivyo Excel hufungua muunganisho wake na mchemraba kwa mpangilio wa MDX Compatibility=1, na kwa thamani hiyo vijazio vinaonekana tena hata kama umevificha.

Upande wa pili wapo wanaosema tusijazie chochote: kila eneo libebe msimbo wake na msimbo wa mzazi, kina (idadi ya ngazi za tawi) kijipange chenyewe. Data inabaki ya kweli, na ngazi mpya haidai safuwima mpya. Kwenye Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, njia hii hupitia fomula za PATH (orodha ya wazazi hadi juu), PATHLENGTH (urefu wake) na PATHITEM (eneo la ngazi fulani), na bado utatandaza safuwima mwishoni. Kila kipimo, yaani kila fomula ya jumla kwenye ripoti, kinapaswa kulinganisha kina ambacho msomaji amefikia, kinachopatikana kwa ISINSCOPE, na kina cha tawi, kisha kirudishe BLANK (tupu) pale tawi lilipokwisha. Ukisahau kipimo kimoja, mistari mitupu inarudi yote. PATH pia hugoma iwapo msimbo wa mzazi haumo kwenye safuwima ya watoto. Kwenye mchemraba mzigo ni mwingine: ngazi za kati za mpangilio wa mzazi na mtoto hazina jumla zilizoandaliwa mapema, kwa hiyo hukokotolewa kila zinapoulizwa.

Kuna pia jedwali la daraja (bridge table), lenye mstari mmoja kwa kila eneo pamoja na kila mkubwa wake, yaani kila eneo lililo juu yake, likiwemo lenyewe. Ukianzia taifa, kitongoji cha kijijini kinachukua mistari sita na shehia minne. Linajibu swali lolote, lakini lisipochujwa kwa mkubwa mmoja, mkazi wa kitongoji anahesabiwa mara sita na wa shehia mara nne.

Kwa maeneo ya utawala nasimama na kujazia. Kina kinajulikana na hakizidi ngazi tano, na anayesoma ripoti ni afisa mipango anayetaka kubofya na kushuka. Ila nisingejazia bila safuwima mbili za ziada: moja ya aina halisi ya eneo (kijiji, mtaa, shehia), na nyingine inayosema 1 kwa kijazio na 0 kwa eneo la kweli. Ufichaji na hesabu ya idadi vitegemee alama hiyo, kamwe visitegemee jina. Njia ya mzazi na mtoto iachiwe muundo wa wafanyakazi na chati ya akaunti, ambako kina hubadilika kila mwaka wa fedha.

Mahali ambapo kujazia kunanilemea ni mabadiliko ya mipaka. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukifuta jina la zamani na kuandika jipya, ripoti ya 2014 itaonyesha mkoa ambao haukuwepo. Kila mstari unahitaji tarehe ya kuanza na ya kukoma, na wilaya za Songwe ziwe na mistari miwili, wa Mbeya na wa Songwe, kila mmoja na msimbo wake wa ndani.