Chawa: tusi lililogeuka cheo

"Kidole kimoja hakivunji chawa." Methali hii wengi tuliisikia utotoni, na chawa wake alikuwa mdudu wa nywele na nguo basi. Mitaa ya Tanzania, hasa kwenye duru za Bongo Fleva, ikampa maana ya pili: mtu anayemganda mwenye nacho na kumsifu usiku na mchana ili naye ale. Hapo ukazaliwa "uchawa", kwa kiambishi kilekile kilichotupa ubabe na uzembe.

Si kwamba sifa za uongo hazikuwa na jina. Wazee walisema kumvika mtu kilemba cha ukoka, au kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukiziangalia, picha zote mbili zinamtazama anayesifiwa. Ukoka ni nyasi, kilemba kitamnyaukia kichwani. Mgongo wa chupa hautoi hata tone, ngozi inabaki kavu vilevile. Misemo hiyo inamhurumia aliyedanganywa. Neno chawa limegeuza jicho, sasa tunamtazama msemaji na tumbo lake. Chawa wa kichwa akikosa damu, siku mbili ni nyingi kwake. Kwa kutuonyesha nani anamnyonya nani, neno hili ni zuri kuliko yote yaliyolitangulia.

Watetezi wa uchawa wanasema ajira hakuna, na kusifu ni kazi kama ya mpiga debe wa stendi. Tena anayejitangaza kuwa chawa hajamficha mtu kitu. Hoja hii ya pili ina uzito, nakiri. Ile ya mpiga debe siikubali. Yeye akiita "Mbagala! Mbagala!" nawe ukapelekwa Bunju, utadai nauli yako. Aliyeamini sifa za chawa atadai nini, na kwa nani?

Kinachonisumbua zaidi ni makali ya neno lenyewe. Sijamsikia mtu akijivunia kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Leo watu wanajiita chawa wa fulani kifua mbele, hadi kwenye siasa. Tusi halikufa, limehama tu. Mwanakijiji akimshukuru diwani kwa kisima kinachotoa maji kweli, anajibiwa, "Acha uchawa." Chawa mwenyewe neno hilo halimwashi tena. Anayenyamaza ni yule aliyekuwa na shukrani ya haki.