Mpaka wa Sumaku Uko Mbali, Anga ya Kilindini Iko Juu Yetu

Jioni moja ya Machi, magharibi imeingia tu, nilikuwa kwenye mashua ikirudi Bandari ya Kale. Nahodha alinionyesha kioo cha GPS yake: vijiti vya setilaiti vilikuwa tisa, vikawa sita, vikawa vinne, na alama ya chombo ikarukia mwamba tulioupita kitambo. Dakika kumi baadaye mambo yakatengenea. "Hiyo ni kazi ya jua," akasema. Huenda ni kweli. Hakuna aliyeweza kumthibitishia, na hilo ndilo linaloniuma.

Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme zinazotoka juani, hutujia kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde na kugongana na sumaku ya Dunia. Zinapolingana nguvu ndipo penye mpaka, upande wa mchana ukiwa kwa kawaida kilomita kama 64,000 kutoka kitovu cha Dunia. Usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024, punde baada ya saa mbili kwa saa zetu, dhoruba ya jua, kali kupita zote tangu 2003, iliupiga mpaka huo ukarudi ndani ya njia ya setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Vyombo vilivyozoea kukaa nyuma ya ngao vikajikuta nje, upepo wa jua ukivipiga moja kwa moja.

Shinikizo peke yake halileti dhoruba. Sumaku inayobebwa na upepo huo ikielekea kusini, nyuzi za sumaku yake na za sumaku yetu hukatika na kuungana upya, na nishati ikapata mlango. Oktoba 2015 vyombo vinne vya MMS, vya NASA, vilivyorushwa kuchunguza sumaku ya Dunia, vilipita katikati ya tendo hilo vikiwa vimeachana kilomita 10 hivi. Vipimo vyake viko wazi kwa yeyote, hata mwanafunzi wa Likoni mwenye bando. Wanaosema tafiti hizo za mpaka wa mbali ni anasa za matajiri, siwaungi mkono.

Lakini wana hoja, na ni nzito. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwenye ukanda huu, jua likizama, mapovu huweza kuzuka katika ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na kuyayumbisha mawimbi ya GPS. Dhoruba mara nyingine huyazidisha, mara nyingine huyazima kabisa. Hata mpaka ukipimwa vizuri vipi, hautakwambia usiku huu itakuwa lipi. Tarehe 12 Mei, siku mbili baada ya dhoruba ile, intaneti ilizorota. Nilisikia watu wakililaumu jua, kumbe ni nyaya za baharini zilizokatika upande wa Afrika Kusini.

Ningeambiwa nichague pa kuweka shilingi ya kwanza, ningeiweka chini: kipokezi kinachosoma mawimbi ya GPS mara 50 kwa sekunde, juu ya paa la Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor. Nalisema hili nikijua upungufu wake. Kipokezi hicho hulia maji yakishafika, ilhali vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 mbele yetu, upande wa jua, hutoa onyo la robo saa hadi saa nzima. Onyo hilo tayari tunalipata. Kisichokuwapo ni kumbukumbu ya anga yetu wenyewe, usiku baada ya usiku, ambayo nahodha yule angeulizia kesho yake asubuhi akajibiwa.