Umeme wa Mto Tana na Haki ya Wanaoishi Mlangoni mwa Mto

Mwezi Juni 2019, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilipofutwa, sisi watu wa Lamu tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini anayekataa makaa hana budi kueleza umeme utoke wapi, na jibu ambalo hutolewa mara nyingi ni maji ya Mto Tana.

Jibu hilo lina uzito. Mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyoanza kazi moja baada ya jingine kati ya 1968 na 1988, huzalisha umeme kwa maji yale yale yanayoteremka kutoka bwawa hadi bwawa, na Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Isitoshe, mitambo ya maji huongezwa au kupunguzwa nguvu kwa dakika chache, jambo linaloziba pengo la umeme wa mitambo ya upepo upepo unapotulia. Udhaifu wake ni ukame, kama ulivyoonyesha mgao wa umeme wa mwaka 2000.

Hasara iliyo nzito zaidi huangukia huku chini, mto unakoingia baharini Kipini. Zamani mafuriko ya masika na vuli yaliacha tope lenye rutuba katika mashamba ya mpunga ya Wapokomo na malisho ya Waorma. Siku hizi sehemu kubwa ya tope hilo hutuama mabwawani, na mto unapopungua nguvu, maji ya chumvi hupanda hadi mashamba ya kijiji cha Ozi. Kamba wanaovuliwa katika ghuba ya Ungwana, ambao ni riziki ya wavuvi wa Malindi pia, hutegemea rutuba hiyo hiyo. Tena inasikitisha kwamba mafuriko yaliyozuiwa ni yale ya wastani yaliyotufaa, ilhali yale ya maangamizi hayakuzuilika: mwaka 2024 mabwawa yalijaa, maji yakafurika, na wakazi wa bonde la chini wakahama makwao.

Watetezi wa bwawa linalopangwa la High Grand Falls, chini ya Kiambere, husema litakuwa kubwa kiasi cha kuhimili hata gharika kama hiyo. Huenda ikawa hivyo, lakini bwawa linalozuia gharika yote litazuia na tope lote. Hata hivyo, sipingi ujenzi wenyewe. Ninachodai ni mkataba utakaotaja kiasi cha maji kitakachofunguliwa kila masika kwa ajili ya watu wa chini, na megawati zitakazopungua kwa sababu hiyo ziingizwe katika hesabu za mradi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.