Mwenye homa ya mafua alale nyumbani, na ujira wake usiguswe

Likitajwa janga la homa ya mafua, mazungumzo yetu huanzia kwenye barakoa na ndoo ya maji tiririka. Sina ugomvi navyo. Mwaka 2020 niliziona ndoo hizo kwenye milango ya maduka na nikafurahi. Ila naona tunalikwepa jambo zito kuliko yote: mgonjwa abaki nyumbani. Naye hatabaki ikiwa kubaki ni kulala njaa.

Kirusi cha mafua hakisubiri mtu azidiwe. Mtu mzima anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, kisha akaendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuugua. Watoto huchukua muda mrefu zaidi. Siku za mwanzo ndizo mbaya, na ndizo hasa tunazojikaza. Tunameza vidonge vya kushusha homa, tunapanda daladala iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua, tunafika kazini. Homa imeshuka, kirusi bado kipo. Wengine hukimbilia amoksilini duka la dawa, dawa ya kuua bakteria ambayo kirusi haikigusi.

Juzijuzi nilikuta binti wa kaunta dukani akihesabu noti kwa kiganja kilekile alichokuwa akikoholea, macho mekundu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo ungepumzika."

"Dada, nisipokuja wananikata siku. Halafu bosi anataka ED."

Akanipa chenji, nikaipokea.

Hiyo ED, yaani cheti cha daktari cha kumruhusu mgonjwa apumzike, ndiyo inayonikera. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ni sheria nzuri. Lakini mwajiri habanwi kulipa kama hajaletewa cheti cha daktari. Siku za kawaida, sawa. Wakati wa janga, maana yake ni kwamba mtu anayewaka homa avuke mji, akakae kwenye benchi la wagonjwa wa nje katikati ya mama mjamzito na mzee mwenye pumu, yaani watu walewale ambao homa ya mafua huwaumiza zaidi, kwa ajili ya karatasi tu! Na ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana hata haki hiyo ya kulipwa. Kibarua wa siku na mama ntilie, karatasi hiyo wampelekee nani?

Tusijidanganye kwamba chanjo itatuwahi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la homa ya mafua ya H1N1 tarehe 11 Juni 2009; nchi nyingi za Afrika zilipata chanjo mwaka 2010, baada ya nchi tajiri kujihudumia kwanza. Kwa miezi hiyo yote ya kusubiri, kinga yetu kubwa ni kutokutana na mgonjwa.

Kwa hiyo, janga likitangazwa, sharti la cheti lisimamishwe kwa siku 7 za mwanzo za ugonjwa. Mfanyakazi apige simu, aaminiwe, alipwe. Mwalimu asimwandike mtoro mtoto mwenye homa na kikohozi. Na kwa wasio na mwajiri, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tayari inazifikishia kaya maskini fedha, nyingine kwa simu. Njia hiyo itumike kumpa mgonjwa hela ya chakula ya wiki moja. Nitaulizwa fedha zitoke wapi. Zitengwe kwenye bajeti ya maafa, na utaratibu uandikwe sasa, wakati hakuna janga, kwa sababu orodha ya vibarua na mama ntilie wa mtaa mzima haikamiliki kwa wiki moja huku watu wakiugua.