Miguu Haina Mpaka, Lakini Kipande Kiko kwa Soja

Sawa. Kwa vile Daktari ameamua kuisambaza hii stori ya vile nilikwama mpakani Busia kwa kila grupu aliyoko, mpaka ile ya kuchangia mazishi, wacha niwape yenyewe kabla haijafika kwa pasta. (Daktari si daktari, anauza betri na skrini za simu hapo karibu na stendi Kisumu, jina alijipa mwenyewe siku alifufua simu iliyoanguka chooni.) Kwanza, sikulia. Macho yalikuwa na vumbi, na yeyote ameshawahi kusimama Busia kando ya ile foleni ya malori anajua nasema nini. Pili, sikulala chini ya lori. Nililala kwa benchi. Kuna tofauti.

Wale mnanifuata mnajua nilikuwa naanzisha blogu ya safari, si nimewasumbua nayo tangu mwaka uanze. Miguu Haina Mpaka. Kisumu mpaka Kigali kwa basi, mtoto wa Migosi anaonyesha dunia, na nilikuwa nimelazimisha ukoo mzima kujiandikisha ili posti ikitoka tu inaingia kwa simu zao, hadi mama nilimfungulia barua pepe kwa ajili hiyo. Sasa bando ya ng'ambo ni bei, kila mtu anajua, na mimi ni mtu wa kujipanga, kwa hivyo nikaandika posti zote za safari kabla ya safari. Nikazipangia siku na saa, zijitume zenyewe. Msinicheke, hata mpishi wa harusi hukata vitunguu usiku kabla wageni waje.

Kampala niliandika. Ikweta niliandika. Kigali ndio usiseme, nilisoma mpaka nikaijua kuliko Kondele: magari yanapita kulia, saa zao ziko nyuma yetu lisaa limoja, mifuko ya plastiki walipiga marufuku tangu 2008 sisi tukakuja kuamka 2017, na kuna vijiduka vya kunywa maziwa tu, watu wazima wameketi na glasi ya maziwa wakipiga stori. Nikaandika hayo yote nikiwa kitandani na boksa.

Siku ya kusafiri nikaenda kuchukua tishati niliyochapishiwa jina la blogu, jengo la ghorofa hapo tauni, na mnajua majengo yetu, huingii bila kuacha kipande, yaani kitambulisho, kwa soja wa mlangoni, anakitia kwa kisanduku cha mbao anakupa kadi ya mgeni. Usiku basi la Kampala likanipata Kisumu, nikachomeka simu kwa chaji ya kiti, nikalala Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala zote.

Alfajiri Busia. Utingo anapiga kelele shukeni na vitambulisho tu, mizigo acheni. Nikaacha begi, nikaacha simu inakunywa moto, nikashuka na tishati yangu mpya kifuani kama balozi.

Kwa wale hawajui, tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda na kipande tu, pasipoti si lazima. Na huo mpaka siku hizi ni kituo kimoja, ulizinduliwa rasmi 2018, unahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili kwa jengo moja la upande unakoingia. Maanake wakati nimefika dirishani miguu yangu ilikuwa tayari Uganda. Hiyo muiweke akilini, nitaihitaji Daktari akiwaambia siku hiyo sikutoka Kenya.

Nikatoa waleti, nikavuta kadi, nikasukumia ofisa kwa maringo bila hata kuangalia.

Akaishika. Akaigeuza. Akauliza kwa upole kabisa, "Hii ni ya nchi gani?"

Ilikuwa kadi ya mgeni, namba 14.

Nikamweleza jengo, soja, kisanduku cha mbao, nikampa leseni ya kuendesha, nikampa kadi ya maktaba, nikataka kumwimbia wimbo wa taifa, yeye macho yameshuka kwa tishati. "Miguu haina mpaka," akasoma polepole, akamwita mwenzake naye asome. Halafu akaniambia, "Kijana, basi huu ndio mpaka wenyewe," akanionyesha Kenya na kalamu.

Basi likasubiri kiasi, dereva akapiga honi mara kadhaa kama mtu anaaga maiti, likaenda. Sasa fuatilieni hii hesabu: nywila ya blogu iko kwa simu, simu iko kwa basi, basi liko njiani Kampala, na posti zimeshapangwa. Ile blogu ilikuwa inaenda Kigali bila mimi.

Namba ya simu ninayoijua kwa kichwa mbali na ya mama ni moja tu, ya Daktari, kwa sababu ananidai. Nikaomba simu kwa dada wa M-Pesa. Daktari akacheka kwanza, akacheka tena akamwita mtu mwingine aje acheke, ndio akaenda kwa lile jengo, na kumbe soja wa mchana ametoka mapema na ufunguo wa kisanduku. Mpaka kesho. Ndio hiyo benchi.

Sasa kesho yake, Ijumaa. Hii sehemu nitaiandika pole pole kwa sababu Daktari hakuwepo na bado anaigiza sauti za watu.

Ni saa saba mchana, jua la Busia limeshuka kuketi na sisi, niko kwa hoteli ya mabati karibu na stendi ya matatu nikingoja kipande. Nimeagiza ugali omena. Meza ya mbele yangu wameketi wamama wawili wamenipa mgongo, magunia ya vitunguu miguuni. Nasikia mmoja anasema, "Ngoja, imeingia ingine." Anavaa miwani. Anashika simu mbali na uso kama inanuka. Na anaanza kusoma kwa sauti ile ya kusoma matangazo kanisani:

"Ndugu zangu wa Kisumu, naandika haya nikiwa juu ya kilima hapa Kigali."

Wasee. Tonge lilisimama katikati ya sahani na mdomo.

Ile sauti naijua. Ni Mweka Hazina wa chama cha mama, kile cha wamama kuchanga pesa. Mama ambaye anajua nani hajalipa tangu mwaka gani. Na hiyo posti niliipangia saa nne asubuhi, haikufaa kutoka saa hiyo, nilikuja kugundua baadaye blogu yangu bado ilikuwa inasoma saa za Greenwich, sisi tuko mbele yao masaa 3, kwa hivyo ulimwengu mzima ulikaa chini ukapanga mimi na huyu mama na hii omena tukutane saa saba kamili.

Anaendelea. "Hewa ya huku inaingia mpaka kwa mifupa. Nimetoka tu kunywa maziwa baridi, maana huku watu wanatoka kwenda kunywa maziwa jinsi nyinyi mnatoka kwenda kunywa soda."

"Yawa," mwenzake anasema. "Ameenda na ndege?"

"Huyu? Huyu hawezi kupanda basi, ni kijana wa maana sana, mama yake hatulii kwa chama siku hizi."

Nikainamisha kichwa karibu na ugali. Mpango wangu ulikuwa mzuri, naomba mjue hivyo, nilikuwa nitoke nyuma kupitia jikoni. Nimeshainua tako moja kutoka kwa benchi. Moja, si mawili. Na hapo ndio dada wa hoteli, ambaye hajui jina langu na hana sababu ya kulijua, anaita wateja kwa nguo zao, wewe wa kofia, wewe wa koti, akatoa kichwa jikoni akapaza sauti:

"Wewe wa Miguu Haina Mpaka! Omena nikuongezee ya hamsini?"

Kimya.

Mweka Hazina aligeuza kichwa kwanza, mwili ukabaki. Akaangalia tishati. Akarudi kwa simu, akapandisha kwa kidole mpaka juu kwenye jina la blogu. Akarudi kwa tishati. Mimi kwa akili zangu zote na elimu yangu yote nikainua sahani nikajifunika kifua, mchuzi ukamwagika wote mbele, ukafunika neno la katikati, ikabaki MIGUU na MPAKA. Mwili sasa ukageuka wote, na magunia yakasogea.

"Habari ya mchana, mama," nikasema.

Hakuitikia. Aliinua miwani, akasogeza simu, akasema kwa sauti ya mtu anakagua risiti, "Hapa wameandika umetuma dakika 4 zimepita."

"Ni mtandao, mama."

"Mtandao."

"Huwa inachelewa."

"Hiyo ni omena?"

"Ndiyo mama."

"Ya Kigali?"

Hoteli nzima ilikuwa imeacha kula. Kuna dereva mmoja wa lori kwenye kona, Mungu ambariki kwa nia yake, akajaribu kuniokoa, akasema hata huko Rwanda wako na samaki wadogo hivyo hivyo, wanavua Ziwa Kivu, wanaita isambaza. Mweka Hazina akamwangalia mpaka akarudi kwa chapati yake.

Halafu akapiga simu. Ya video. Hakuniuliza. Mama akatokea, na nyuma ya mama nikaona pazia la kwetu, na nyuma ya pazia nikaona wamama wengine wanne, kwa sababu kumbe siku hiyo ndio chama kinakutana na posti ya Kigali walikuwa wameshaisomea wageni.

"Mama nanihii," Mweka Hazina akasema, "mwambie kijana wako akuonyeshe kilima."

Akanigeuzia kamera. Mimi na sahani. Mchuzi unadondoka kwa kidevu. Nyuma yangu stendi, utingo anaita Bumala, Bumala, Ugunja, Kisumu wawili wa haraka. Mama akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani picha imekwama, nikaanza kufurahi. Kisha akasogea karibu na kamera, jicho moja limejaa skrini nzima, akauliza, "Na vitunguu hapo ni pesa ngapi?"

Hakuuliza kingine. Nilinunua gunia. Mweka Hazina akalibeba kwenda nalo Kisumu, na ananidai nauli yake.

Mengine ni haraka. Kipande kilikuja saa tisa kwa matatu kimefungwa kwa gazeti, 200 ya kubeba, nikavuka, ofisa akanitambua kwa doa. Kampala begi na simu nilivipata salama kwa ofisi ya basi, simu imekufa, chaja imeenda kwa Mungu. Nikaunganisha usiku, Masaka, Mbarara, Katuna, na kwa sababu sina chaji posti ya Jumamosi nayo ikajitoa vizuri tu, "soko la Kigali Jumamosi asubuhi limefurika, tumepanda boda watatu." Msomaji mmoja anayeishi huko akaandika kwa heshima kwamba pikipiki za Kigali zinabeba abiria mmoja na anapewa helmeti, na kwamba hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kuanzia saa mbili mpaka saa tano watu wako nje wanafanya usafi na maduka yamefungwa, kwa hivyo ni soko gani hilo. Chini yake Mweka Hazina ameweka, "La Busia."

Na ile posti ya Ikweta, ile nimeandika "kwa mara ya kwanza maishani nimevuka Ikweta hapa Kayabwe, nikasikia mwili umebadilika," mjomba amejibu kwamba Ikweta inapita Maseno, nimeivuka kila Krismasi tukienda kwa nyanya, na kwamba mara ya mwisho mwili ulibadilika ni kwa sababu ya mandazi ya Luanda.

Lakini nilifika. Hii ndio inaniuma. Nilifika Kigali, mimi mwenyewe, miguu yote miwili, nikapiga picha ile kuba ya jumba la mikutano ikiwaka rangi usiku, nikanywa hayo maziwa, yako sawa kabisa, nikayapiga picha pia, nikatuma mara hiyo hiyo bila kupanga saa. Komenti ya kwanza: "Busia imejengwa siku hizi." Ya pili: "Hiyo glasi ni ya hoteli gani hapo stendi?" Ya tatu ni ya mama, ameuliza kama vitunguu vya huko ni bei nafuu kuliko vile vya kwanza.

Wafuasi wameongezeka, sitaki kudanganya. Tishati zimeitishwa na watu kadhaa, lakini wanataka ile ya doa.

Daktari, pesa yako ya matatu nitatuma mwisho wa mwezi. Ile stika ya mimi na sahani uifute leo, imefika kwa grupu ya wazazi wa shule ya mtoto wa dadangu na mwalimu ameijibu na nyingine.