Teno na nafasi zinazoizidi sauti yake

Kila teno wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, anayeanza kupata jina hufikia siku ambapo jumba kubwa la opera humwita na kumwomba aimbe nafasi, yaani mhusika, nzito kuliko zile zilizomtambulisha. Sauti ya teno, ambayo wanakwaya wetu huihesabu kuwa ya tatu, ina ngazi zake ndani yake: yupo mwenye sauti nyepesi anayefaa kuimba kazi za mtunzi Donizetti, na yupo mwenye sauti nene anayeweza kumbeba Otello, mhusika mkuu wa opera ya mtunzi Verdi. Iwapo mwimbaji avuke kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili ni swali ambalo wapenzi wa muziki huu wamelibishania kwa vizazi, na mara nyingi hulijibu kwa kuwalinganisha mateno wawili, Alfredo Kraus wa Hispania na Giuseppe di Stefano wa Italia.

Kraus, mzaliwa wa Las Palmas aliyesomea uhandisi, alianza opera mjini Cairo mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 28, akiimba nafasi ya Duke katika Rigoletto, opera nyingine ya Verdi. Huko huko aliimba pia katika opera ya Tosca, yenye uzito zaidi, kisha akaiweka kando. Kwa miaka kama arobaini iliyofuata alizunguka na nafasi chache alizojua zinamfaa, kama vile Werther, Faust na Edgardo, na alipovuka miaka sitini bado nota za juu zilimtoka bila kutetereka.

Di Stefano alikuwa na sauti ambayo wengi, nami nikiwamo, wanaiona nzuri zaidi. Alianza mwaka 1946, akafika La Scala, jumba la opera la Milan, mwaka uliofuata na jumba la Metropolitan la New York mwaka 1948. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1950 aliongeza nafasi nzito, zikiwamo za opera Turandot na Il trovatore, huku akiimba nota za juu kwa irabu zilizo wazi mno, bila kuzifunika, yaani kuzizungusha kidogo mdomoni, kama walimu wengi wanavyofundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sauti ilikuwa imechakaa, ilhali mwenyewe alikuwa bado na umri wa miaka arobaini na kidogo.

Hoja ya upande wa tahadhari ina msingi katika mwili wenyewe. Mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti. Anapaswa kusikika juu ya okestra nzima kwa nguvu ya pumzi na mwangwi wa kichwa na koo lake. Wengi hudhani hatari iko kwenye nota za juu kabisa, lakini nafasi nzito huchosha zaidi katikati ya sauti, mahali ambapo tarumbeta na trombone hunguruma chini ya maneno na mwimbaji hushawishika kusukuma. Akisukuma usiku baada ya usiku, nyuzi za sauti huvimba, na uwezo wa kuimba polepole kwa ulaini ndio hutangulia kupotea.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpa Kraus ushindi, lakini teno Plácido Domingo anatuzuia. Alipomwimba Otello kwa mara ya kwanza mjini Hamburg mwaka 1975, akiwa na miaka 34, walikuwapo waliomwonya kwamba angeiharibu sauti. Aliendelea na nafasi hiyo kwa robo karne, zaidi ya mara mia mbili. Tena, kama kila teno angebaki alipo, sanaa yenyewe ingebaki ilipo. Teno Gilbert Duprez alipotoa do ya juu kwa sauti kamili ya kifua jijini Paris mwaka 1837, katika opera Guillaume Tell, alibadilisha namna watu wanavyotarajia teno asikike hadi leo. Gharama ilikuwapo: teno Adolphe Nourrit, bingwa wa mtindo wa zamani wa kuzifikia nota hizo kwa wepesi, alikwenda Italia kujifunza uimbaji mpya, akapoteza wepesi aliokuwa nao, na akajiua mjini Naples mwaka 1839.

Ninachokiona kimesahaulika katika ubishi huu ni kwamba tunazungumza kana kwamba teno huamua peke yake. Mwimbaji wa kujitegemea hulipwa kwa onyesho, na akiugua akajitoa, kwa kawaida malipo hayo humpita. Sauti nene ni adimu, kwa hiyo jumba lenye pengo humgeukia kijana mwenye sauti nzuri ya kati na kumshawishi kwamba yuko tayari. Kumkatalia kondakta mashuhuri ukiwa na miaka 27 na kodi ya nyumba haijalipwa si jambo dogo, na si haki kuita uchoyo wa sifa kile ambacho mara nyingi ni hofu ya kutoitwa tena. Nidhamu ya Kraus ninaiheshimu sana; lakini nidhamu hiyo hustawi pale ambapo mtu anaweza kusema hapana na bado akala, na jukumu la kuleta hali hiyo ni la majumba kabla ya kuwa la waimbaji.

Mwaka 1963 di Stefano alijitoa katika maonyesho ya opera La bohème katika jumba la Covent Garden, London, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 27 kutoka Modena, Italia, Luciano Pavarotti. Kijana huyo alikaa miaka mingi na nafasi nyepesi kabla ya kugusa nzito, na Otello alimwimba mwaka 1991 tu, katika matamasha, akiwa na miaka 55. Hakumwigiza jukwaani kamwe.