Marekani Imekwama Katikati ya Futi na Mita

Marekani hutajwa kila mara kuwa ni nchi iliyoikataa mita, na wenyeji wenyewe hulisema hilo kwa kujivuna kidogo. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 1893 yadi na ratili zao hupimwa kwa kuegemea mita na kilo, na tangu 1959 inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo nchi hiyo ilikwisha kuhama zamani, ila haikuwaambia watu wake. Mvinyo wao huuzwa katika chupa ya mililita 750, vidonge vyao huhesabiwa kwa miligramu, na soda ya lita mbili hukaa kwenye jokofu moja na galoni ya maziwa. Ninachokidai ni kwamba kazi hiyo imalizwe, kwa sababu hasara kubwa haitoki kwenye futi wala kwenye mita, bali hutoka pale mifumo hiyo miwili inapokutana.

Mfano ujulikanao zaidi ni ule wa Septemba 1999, chombo cha Mars Climate Orbiter kilipopotea kilipokuwa kikifika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya kompyuta iliyokuwa ikitumika duniani ilitoa hesabu za msukumo wa injini za chombo kwa ratili, ilhali waongozaji wa chombo walizipokea kana kwamba ni nyutoni, kipimo cha msukumo katika mfumo wa mita, tofauti ya zaidi ya mara nne. Hesabu ya kila upande ilikuwa sawa kwa kipimo chake, lakini chombo kikashuka chini mno, kikapotea.

Wapinzani wa mabadiliko nao wana kisa chao, na ni kisa kizito. Julai 1983, Kanada ikiwa katikati ya kuhamia vipimo vipya, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Walipogeuza lita kuwa uzito, wahusika walizidisha kwa 1.77, ambayo ni idadi ya ratili katika lita moja, badala ya 0.8, ambayo ndiyo idadi ya kilo. Ndege ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika, na rubani akalazimika kuitua bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, ambako kwa bahati hakuna aliyekufa. Wengi hukichukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba kuhama ni hatari. Sikatai, kuhama kuna hatari zake. Ila hatari hiyo ina mwisho pale kuhama kunapokuwa na mwisho, na Marekani imechagua kukaa humo humo bila kikomo.

Chanzo cha ukwamaji huo kinajulikana. Sheria ya mwaka 1975, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford, iliacha mabadiliko yawe ya hiari na haikutaja siku ya mwisho, na bodi iliyoundwa kuyasimamia ikavunjwa mwaka 1982. Australia ilipitisha sheria yake mwaka 1970, na kufika Julai 1974 vibao vya barabarani vilikuwa vikibadilishwa nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Hiari katika vipimo ni jambo la ajabu, kwa kuwa kipimo hakina faida mpaka jirani yako naye akitumie.

Fundi seremala anayetaka kuunganisha ubao wa futi 3 na inchi 7 na tano ya nane na mwingine wa futi 2 na inchi 9 na kumi na moja ya kumi na sita, hana budi kuoanisha sehemu, kubeba kumi na sita, kisha kubeba kumi na mbili, ndipo apate futi 6 na inchi 5 na tano ya kumi na sita. Kwa futikamba ya milimita ni 1,108 na 856, jumla 1,964. Hata hivyo nyumba zilizokwisha kujengwa zitahitaji mbao za vipimo vya zamani kwa miaka mingi, na mafundi hao ningewaacha wawe wa mwisho kabisa. Joto la hewa nalo, wakipenda Farenhaiti, wabaki nayo, halimdhuru mtu.

Ningeanza na dawa ya maji ya mtoto. Mzazi aliyeamka usiku wa manane akaambiwa ampe mtoto kijiko kimoja, huchukua kijiko kilicho karibu, na kile cha mezani hubeba mara tatu ya kile cha chai. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilihimiza dozi hizo ziandikwe kwa mililita pekee, na sioni kwa nini jambo hilo lisiwe sheria yenye tarehe.

Baada ya dawa zije barabara. Huko Arizona, barabara kuu ya I-19 kati ya Tucson na Nogales huonyesha umbali kwa kilomita tangu enzi za sheria ile ya hiari, lakini vibao vya mwendo vimebaki vya maili, na dereva husoma vyote viwili katika safari moja.